Sauti Haina Subira

Ukitoka Kiembeni asubuhi kwenda mjini Mombasa, njia yako ni Daraja la Nyali. Magari hujazana hapo yakaenda mwendo wa kobe. Likija gari la wagonjwa, mengine hujitenga likapita. Si kwamba mgonjwa ni bora kuliko wasafiri wengine; ni kwamba yeye hawezi kungoja. Adabu hii imo pia katika nyaya za mawasiliano, nayo ina historia yake.

Mwaka 1890 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari baina ya Unguja na Mombasa. Maandishi yake yaliweza kungoja zamu, kwani habari iliyofika jioni badala ya adhuhuri ilisomeka vile vile. Simu ya mdomo ilipokuja, kila wazungumzao wawili walishika njia yao mpaka wamalize.

Kompyuta zilileta desturi nyingine. Mtandao wake hukata habari vipande vidogo vidogo, na vipande vya watu wengi hushiriki njia moja. Mwaka 1974, huko Marekani, wataalamu walifaulu kupitisha sauti kwa vipande hivyo. Lakini njia ikijaa, vipande hupanga foleni. Barua ikichelewa nusu dakika, hapana adhurikaye. Neno likichelewa nusu sekunde, wazungumzao hukatizana kauli. Na likipitwa na zamu yake, halifai kitu hata likifika.

Kwa sababu hiyo, kanuni za mtandao za mwaka 1981 zilitenga nafasi ya alama katika kila kipande, kuonyesha haraka yake. Mwaka 1998 mpango wa alama hizo ukatengenezwa upya. Mtambo uliofundishwa hivyo ukiona alama ya sauti huitanguliza, na barua na picha zikangoja kidogo.

Mwaka 2009 nyaya kuu za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kwa njia ya bahari. Je, upana huo umeondoa haja ya adabu? La. Bahari ni pana, lakini mlango wa nyumba ni mwembamba. Kijana wa Kiembeni akipakua filamu, huweza kukata maneno ya mama yake anayesema na mwanawe aliyeko Maskati.

Basi zingatia jambo hili. Kila gari likipiga king'ora, king'ora hakina maana tena. Vivyo hivyo, kila kipande kikitiwa alama ya haraka, hapana kitakachotangulia. Kumpisha mwenzio si unyonge. Lakini atakaye kupishwa na awe na haraka ya kweli.