Tuchukulie Kwamba

Kidato cha nne, mwalimu aliandika ubaoni: "Tuchukulie kwamba kipeuo cha pili cha 2 ni sehemu." Nikashangaa. Si juzi tu ametuambia si sehemu? Mbona anatufundisha kudanganya? Nikakariri hatua, nikafaulu, basi.

Miaka baadaye nikaikuta hoja ile ile kwa Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo. Anaitaja kwa kupita tu, kama kitu ambacho wasomaji wake wanakijua: ukisema ulalo wa mraba na upande wake vina kipimo kimoja, utaishia kusema witiri ni sawa na shufwa.

Fuata mwenyewe. Iwe a/b, imerahisishwa mpaka mwisho. Basi a² = 2b², kwa hiyo a ni shufwa. Iandike 2c: 4c² = 2b², yaani b² = 2c². Kumbe b nayo shufwa! Lakini si tulisharahisisha?

(Kisa cha Hippasus kufia baharini kwa kutoboa siri hii kiliandikwa karne nyingi baadaye. Kitamu, ila siweki rehani jina langu.)

Mimi nilielewa mahakamani, nikiripoti kesi. Wakili hakumbishia shahidi. "Haya, tuseme ni kweli ulikuwa dukani saa mbili. Ukafunga saa ngapi? Nani alikuona?" Akamwacha aendelee, jibu kwa jibu, mpaka shahidi akawa yuko dukani na yuko safarini saa ile ile. Pale benchi la waandishi nikageuza daftari, nikaandika nyuma yake: a² = 2b².