Weji ya pengo: fimbo ya gofu inayokaa kati ya mbili

Fundi pikipiki mwenye spana namba 12 na 14 peke yake hupata taabu akikutana na nati namba 13. Mchezaji wa gofu naye hukutana na jambo kama hilo. Fimbo moja inapeleka mpira mita 110, inayofuata mita 85, na shimo liko mita 97. Apige na ipi? Wengi hujibu kwa kununua weji ya pengo. Lakini si kila mtu anaihitaji, na fimbo za gofu ni ghali.

Weji ni nini?

Ni fimbo fupi ya chuma ambayo uso wake umelala. Kadiri uso unavyolala, ndivyo mpira unavyopanda juu na kwenda karibu. Mlalo huo hupimwa kwa nyuzi. Weji ya kawaida, yenye herufi P, huwa na nyuzi 43 hadi 48. Weji ya mchanga, S, aliyoipa umaarufu Mmarekani Gene Sarazen mwaka 1932, huwa na 54 hadi 56. Weji ya pengo ina nyuzi 50 hadi 52, na huandikwa A, G, U au namba yenyewe.

Pengo limetoka wapi?

Katika seti nyingi za miaka ya 1970, P ilikuwa na nyuzi karibu 50. Baadaye viwanda viliusimamisha uso wake ili mpira uende mbali zaidi, lakini S ikabaki palepale. Kwa hiyo mwenye seti ya zamani ya mtumba huenda hana pengo lolote.

Pima kabla ya kununua

Piga mipira 10 kwa P na 10 kwa S, kwa nguvu ileile. Pima hadi mpira unapoangukia, si unaposimama. Tofauti ikizidi mita 20, weji ya pengo ina kazi. Ikiwa mita 10 hadi 15, pesa ibaki mfukoni.

Pimia mahali unapocheza. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kimo kinachokaribiana na cha Nairobi. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo mpira huruka mbali kuliko kwenye uwanja wa Lugalo, Dar es Salaam. Vipimo vya pwani havifai Ufipa.

Mwisho ni fimbo 14

Kanuni haziruhusu zaidi ya fimbo 14 kwenye mfuko. Ya 15 huleta adhabu ya mapigo 2 kwa kila shimo ulilocheza ukiwa nayo, yasiyozidi 4 kwa mzunguko mmoja. Mfuko ukiwa umejaa, wengi hutoa chuma namba 3, ambacho ni kigumu kupiga.

Kama huna pesa

Afrika Mashariki, wachezaji wengi wa kulipwa walianza kama makedi, wakijifunza kwa fimbo chache za kuazima. Chukua P, shika mpini chini kidogo, kisha usiirudishe fimbo nyuma hadi mwisho. Mpira utapungua mita kadhaa. Ukizoea pigo hilo, utakuwa umeziba pengo bila kununua kitu.