Kutosa Shehena: Historia ya Neno "Jettison" na Deni Lililosahauliwa

Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kiingereza hukutana mara kwa mara na neno "jettison". Huarifiwa kwalo kwamba chama kimeitupilia mbali sera yake, au kwamba kampuni imeachana na tawi lisiloleta faida. Katika matumizi hayo neno hili huchukuliwa kuwa kisawe tu cha kutupa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lilianza likiwa na mambo mawili yaliyofungamana: tendo la kutupa, na deni linalozaliwa na tendo hilo. Matumizi ya leo yamelihifadhi tendo na kulisahau deni. Tutadai kwamba mhakiki wa fasihi, na hasa mhakiki wa Kiafrika, ana sababu nzito ya kulikumbuka.

Asili ya neno na jamaa zake

Chimbuko la neno ni kitenzi cha Kilatini "iacere", yaani kutupa, pamoja na kinyambuo chake "iactare", kutupa kwa nguvu au kwa kurudiarudia. Nomino iliyotokana na kinyambuo hicho ilipitia Kifaransa cha kale, kisha Kifaransa cha Wanormani waliotawala Uingereza, hadi ikaingia katika Kiingereza katika karne ya 15. Kifaransa hicho ndicho kilichokuwa kikitumiwa na wanasheria wa Uingereza. Kwa hiyo neno liliingia kama istilahi ya sheria ya bahari, wala si kama neno la sokoni. Lilidumu likiwa nomino kwa karne kadhaa. Kitenzi kilijitokeza katikati ya karne ya 19 tu, na maana ya kisitiari ikaenea baada ya hapo.

Neno hili lina jamaa zake. "Jetsam", ambalo ni ufupisho wake, hutajwa pamoja na "flotsam" na "lagan". Katika kesi ya Sir Henry Constable ya mwaka 1601, mahakama ilizipambanua istilahi hizo. "Flotsam" ni mali inayoelea baada ya chombo kuzama. "Jetsam" ni mali iliyotupwa ili kukiokoa chombo ambacho hata hivyo kiliangamia. Nayo "lagan" ni mali iliyotoswa ikiwa imefungiwa chelezo ili mwenyewe aweze kuirudia. Upambanuzi huu haukuwa wa kuchezea maneno. Uliamua nani angeidai mali hiyo. Hapa tayari tunaona kwamba, machoni pa sheria, kilichotupwa hakikosi mwenyewe.

Kanuni ya Rhodes

Wazo hili ni la kale kuliko Kiingereza chenyewe. Mkusanyo wa sheria za Kirumi uliotangazwa na Mfalme Justinian mwaka 533 una sura inayohusu sheria ya Rhodes juu ya mali iliyotupwa baharini. Kwa mujibu wa sura hiyo, shehena ya mtu ikitupwa ili kukipunguzia chombo uzito, hasara yake hufidiwa kwa mchango wa wote, kwa kuwa ilitolewa kwa ajili ya wote. Mwenye nguo zilizotupwa hakuachwa alie peke yake huku mwenye pembe zilizosalimika akienda zake sokoni. Kanuni hiyo ingali hai: Kanuni za York na Antwerp, zilizofanyiwa marekebisho mara ya mwisho mwaka 2016, zinaendelea kuusimamia mchango huo katika biashara ya meli.

Sura hiyo hiyo ina jambo jingine linalostahili kuzingatiwa. Mwanasheria Paulus alishikilia kwamba, wakati wa kukadiria mchango, miili ya watu huru haiwezi kutiwa thamani. Lakini mtumwa hakuwa mtu huru. Mlango ulioachwa wazi hapo ndio tutakaouona ukipitiwa katika karne ya 18.

Kutoka kwa Yona hadi Zong

Kisa cha Nabii Yona, au Yunus kama anavyojulikana na Waislamu, kinafahamika kotekote katika Afrika Mashariki. Katika masimulizi ya Biblia, mabaharia wanatupa shehena kwanza, kisha wanapiga kura, na hatimaye wanamtupa mtu. Kabla ya kumtupa wanajaribu kwa makasia kufika pwani. Wanaposhindwa, wanamwomba Mungu asiwahesabie damu yake. Wanajua kwamba kumtosa mtu ni kuingia katika deni.

Tulinganishe kisa hicho na tukio la meli ya Zong. Meli hiyo, mali ya wafanyabiashara wa Liverpool, iliondoka pwani ya Afrika Magharibi mwaka 1781 ikiwa na Waafrika zaidi ya 400. Ilipotea njia karibu na Jamaica. Kuanzia tarehe 29 Novemba, kwa madai kwamba maji ya kunywa yalikuwa yakiisha, mabaharia waliwatupa baharini watu wapatao 130. Wenye meli walidai fidia ya pauni 30 kwa kila mtu. Mantiki yao ilikuwa hii: mtumwa akifa kwa maradhi, hasara ni ya mwenyewe, akitupwa kwa dharura, hasara ni ya watoa bima. Kesi iliposikilizwa London mwaka 1783, baraza la wazee wa mahakama liliwapa wenye meli ushindi. Watoa bima walipopinga, Jaji Mansfield na wenzake waliamuru kesi isikilizwe upya, kwa kuwa dharura iliyodaiwa haikuthibitika. Olaudah Equiano alimpelekea Granville Sharp habari hizo, naye Sharp akajaribu kuwafanya wahusika washtakiwe kwa mauaji. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ni muhimu kuona kilichotendeka hapa kwa upande wa lugha. Deni halikusahauliwa, liligeuzwa. Mabaharia wa Yona waliomba wasidaiwe damu, ilhali wenye Zong walifika mahakamani kudai walipwe kwa damu waliyoimwaga. Istilahi ya shehena ilipompokea binadamu, kanuni iliyobuniwa ili hasara isimwangukie mmoja ilitumiwa dhidi ya wale waliobeba hasara yote.

Fasihi imelirudia tukio hili kwa namna tofauti. Fred D'Aguiar, katika riwaya yake ya mwaka 1997, "Feeding the Ghosts", anamjenga mhusika Mintah, mwanamke anayetupwa baharini na kuweza kurejea melini. M. NourbeSe Philip, katika "Zong!" ya mwaka 2008, anayavunjavunja maneno ya ripoti ya kesi hiyo ili kuunda ushairi. D'Aguiar anamrejeshea aliyetupwa sauti. Philip anaihoji lugha iliyomtupa.

Hitimisho

Mfasiri wa Kiswahili ana nafasi ambayo mwenzake wa Kiingereza ameipoteza. Tuna kitenzi kutupa, lakini pia tuna kutosa, ambacho maji hayajakauka ndani yake. Ni kweli kwamba kutosa nacho kimeanza safari ile ile: katika mazungumzo ya siku hizi, hasa nchini Tanzania, mtu aliyeachwa na mpenzi wake husemwa kuwa ametoswa. Hata hivyo, bahari ingali inasikika. Na methali yetu isemayo kwamba mtupa jongoo hutupa na ung'ong'o wake inatukumbusha kwamba atupaye hupoteza pia kitu alichokuwa amekishika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila tunapolikuta neno hili, iwe katika riwaya, ripoti au hotuba ya mwanasiasa, tuulize maswali matatu ambayo sheria ya Rhodes ililazimu yaulizwe: Nani ametupa? Kilichotupwa kilikuwa cha nani? Na waliosalimika wamechanga nini? Mfanyakazi anayeachishwa kazi ili kampuni isizame ametolewa kwa ajili ya wote waliobaki. Kulitumia neno bila kuyauliza maswali hayo ni kukubali kwamba chombo kimeokoka bure.