Klachi ya bodaboda: hudumu muda gani, na nini huiua mapema

Simama Likoni jioni, saa ambayo watu wanarudi makwao, uangalie pikipiki zinazosubiri kuingia kwenye feri. Tazama mkono wa kushoto wa kila mwendeshaji. Wengi wameweka gia ya kwanza na klachi wameishika nusu, wanasogea hatua moja, wanasimama, wanasogea tena, huku mkono wa kulia ukipiga resi. Hakuna anayedhani anaharibu kitu. Miezi michache baadaye utamkuta mmoja wao kwa fundi, amekalia kopo la rangi, akiuliza kwa nini klachi aliyoiweka juzi imeisha.

Hakuna nambari moja ya kumjibu. Hebu tupige hesabu. Pikipiki ya biashara inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hufikisha kilomita 31,200 kwa mwaka. Nimeona pleti zilizomaliza mwaka kama huo na kuingia wa pili zikiwa bado na nyama. Nimeona pia zilizoungua zikawa nyeusi kabla ya mwezi wa nne, pikipiki ya aina ile ile, steji ile ile. Tofauti ilikuwa mkono wa dereva, oili aliyotia, na kebo ambayo hakuna aliyeitazama.

Tuanze na kilicho ndani, maana wengi wetu tunakilipia bila kukijua. Ukifungua kifuniko cha upande wa kulia wa injini za Boxer, TVS na zile pikipiki za Kichina zilizonakiliwa kutoka Honda CG125, unakuta kikombe cha chuma ambacho mafundi hukiita basketi. Ndani yake zimepangwa pleti za aina mbili kwa zamu: moja ina vipande vya kushikia, inayofuata ni chuma kitupu. Springi huzibana pamoja. Zikibanana, nguvu ya injini inapita kwenda kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, springi zinalegezwa, pleti zinaachana na injini inazunguka peke yake. Yote hayo hufanyika ndani ya oili, oili ile ile inayolainisha injini na giaboksi. Klachi ya tuktuk nyingi hufanya kazi vivyo hivyo.

Pleti haziliki sana zikiwa zimebanana kabisa wala zikiwa zimeachana kabisa. Zinalika katikati, pale zinaposuguana, na huo msuguano huleta joto. Kwa hiyo kilomita hazikwambii kila kitu. Anayepeleka abiria kutoka Kilifi hadi Malindi kwa barabara kuu hugusa klachi mara chache tu. Anayezunguka Kongowea sokoni kutwa nzima anaweza kuitumia mara mia kadhaa kwa kilomita chache. Yule wa Kwale anayepandisha mlima kutoka Kombani na magunia mawili nyuma ana hesabu yake tofauti kabisa.

Sasa oili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapoliwa pesa. Kwa kuwa pleti zinaoga oili ya injini, si kila oili inazifaa. Oili nyingi za magari ya kisasa, hasa zile nyepesi kama 5W-30 zinazosifiwa kwa kuokoa mafuta, zimetiwa dawa za kupunguza msuguano. Kwa injini ya gari ni jambo jema, kwani klachi ya gari la gia za mkono kwa kawaida iko pakavu, nje ya oili. Kwenye pikipiki dawa hizo zinaingia kati ya pleti, na pleti ambayo kazi yake ni kushika inaanza kuteleza. Dereva anasikia injini inalia ila pikipiki haiendi, anaambiwa klachi imekufa, ananunua mpya, anatia tena oili ile ile.

Geuza chupa usome nyuma. Tafuta kisanduku kidogo chenye neno JASO na chini yake herufi MA au MA2. Hiyo imepimwa kwa klachi inayooga oili. Ukiona MB, iache; hiyo ni ya skuta na mashine nyingine ambazo klachi yake haikai ndani ya oili ya injini. Unene, kama 20W-50 au 10W-30, ufuate kitabu cha pikipiki yako, si maneno ya muuzaji. Haki isemwe: si kila oili ya gari itaua klachi, na wako waliotumia 20W-50 ya gari miaka mingi bila shida. Lakini ile ya kupimwa kutoka kwenye dramu hujui ni nini, wala hujui ilishawahi kukaa kwenye injini ya nani. Ikiwa umeshatia isiyofaa, imwage mapema, tia ya MA, tembea nayo siku chache. Mara nyingine pleti hurudi kushika. Zikishaungua hazirudi.

Oili inayofaa nayo huchoka. Joto la Pwani, mizigo na kusimama-simama ni kazi nzito, na vitabu vingi vya pikipiki vinashauri kubadilisha mapema kuliko kawaida ukiwa kwenye kazi ya namna hiyo. Pima kiwango chake kila asubuhi, pikipiki ikiwa wima. Iliyolala kwa stendi ya pembeni inadanganya.

Kwenye mkono wa dereva sina mengi, ila ni hayo hayo yanayorudi kila mara. Kwenye foleni weka nyutro uachie klachi. Usiishikilie pikipiki mlimani kwa klachi nusu, breki ipo. Kwenye mchanga, kama njia za ndani za Watamu au Msambweni, rudi gia ya kwanza badala ya kulazimisha ya pili kwa kuchezea klachi. Na usipumzishe vidole viwili juu ya mkono wa klachi ukiwa mwendoni. Unaona ni wepesi tu wa vidole, kumbe springi zimeshalegezwa kidogo na pleti zinasuguana kilomita nzima. Sheria inaruhusu abiria mmoja. Watatu wakipandishwa mlima wa Mazeras, klachi ndiyo inayolipa faini kabla ya dereva.

Kebo imeua klachi nyingi huku kwetu, na makosa huwekewa pleti. Hewa ya bahari ina chumvi, na waya wa kebo ukishika kutu unakuwa mzito: ukiachia mkono wa klachi, waya haurudi wote, na pleti hazibanani sawasawa. Kuna pia kukaza kebo kupita kiasi. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii, ncha ya mkono wa klachi inatakiwa icheze bure milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Isipocheza kabisa, ni sawa na kuendesha umeishika kidogo siku nzima. Ikicheza kupita kiasi, pleti haziachani vizuri, gia zinaingia kwa kishindo na nyutro inakuwa kutafutwa kama sindano. Tia tone za oili juu ya kebo mara moja kwa wiki na uitazame pale inapopinda; nyuzi zikianza kukatika, badilisha kabla haijakuachia ukiwa na mgonjwa nyuma usiku.

Kuijua klachi inayoteleza si vigumu. Ukiwa gia ya juu, barabara wazi, mwendo wa wastani, fungua resi kwa nguvu. Sauti ya injini ikipanda mbio na mwendo ukibaki pale pale, pleti hazishiki. Kabla ya kulipa chochote, rekebisha kebo na uangalie oili. Usiipuuze hali hiyo: nguvu ikikupotea katikati ya kupita lori pale Mtwapa, huna pa kukimbilia.

Ikibidi kufunguliwa, simama hapo uone. Pleti za kushikia nyingi huwa na unene wa karibu milimita 3 zikiwa mpya, na zikipungua hata sehemu chache za milimita zimefika mwisho. Kitabu kitakupa kipimo. Za chuma zilizogeuka rangi ya buluu zimepata joto kali. Zilaze juu ya kioo: ikiyumba, imepinda, itupe. Springi zibadilishwe pamoja na pleti, kwa kuwa huchoka na kufupika. Mpya za kushikia zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa. Ukingo wa basketi ukiwa umechongwa mashimo na pleti, mashimo madogo husawazishwa kwa tupa, makubwa yanataka basketi mpya.

Mafundi wengine huweka washa chini ya springi ili zibane zaidi. Nilifanyiwa hivyo mwaka niliokuwa na pikipiki ya mkopo. Klachi ilishika, lakini mkono ulikuwa mzito hadi kiganja kikauma, na kebo ikakatika wiki ya tatu. Pleti nilizonunua baadaye, duka silitaji, zilikuja kwenye boksi lenye jina kubwa na zikaachia vipande vyake ndani ya oili kabla mwezi haujaisha. Mkopo haukungoja. Tangu siku hiyo naenda dukani na pleti ya zamani mkononi, nalinganisha unene, idadi ya meno na gundi ya vipande, na fundi ananirudishia zote alizozitoa.