Lupango, paa letu la Lubumbashi

Jumatatu, tarehe 23 Machi 2020, teksi hazikuonekana barabarani Lubumbashi. Gavana wa Haut-Katanga, Jacques Kyabula, alikuwa ameamuru watu wote wabaki nyumbani kwa saa 48, kwa kuhofia korona iliyodhaniwa kuja na abiria wa ndege kutoka Kinshasa. Siku iliyofuata Rais wa Kongo, Félix Tshisekedi, akatangaza hali ya dharura nchi nzima.

Katika miji mingine ya dunia watu walipanda juu ya paa kuota jua na kuimbiana. Sisi paa letu ni bati, na kwa bati hakuna anayekaa. Hewa tunaipatia kwenye lupango: uwanja wenye ukuta au uzio, mwembe katikati, mbabula ya makaa, kamba ya nguo, na milango ya nyumba mbili au tatu za wapangaji. Hapo ndipo sombe, majani ya muhogo, inatwangwa na bukari, ugali wetu, kusongwa. Umeme ukikatika, hapo ndipo jioni inapoishia.

Lakini mji huu ulijua karantini kabla ya korona. Wabelgiji walipouanzisha mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, waliupanga kwa hofu ya magonjwa. Kati ya mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika waliacha ukanda mtupu wa mamia ya mita, wakidai mbu wa malaria hawezi kuuruka. Mwaka 1921 makazi ya Waafrika yakapata nafasi yake kusini ya ukanda ule, mahali tunapopaita Kamalondo. Usiku ulipoingia, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande wa pili. Baba aliyepika na kufagia huko mchana kutwa hakuogopwa na mtu. Aliogopwa saa ya kulala. Nadhani hilo linatosha kuonyesha kwamba mbu alisingiziwa.

Hata nzi waliingizwa katika hofu hiyo ya magonjwa. Iko picha ya mwaka 1929 inayoonyesha lundo la nzi waliokufa: mfanyakazi alitakiwa kuleta 50 kwa siku ndipo apewe posho ya chakula. Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, aliitumia picha hiyo mwaka 2013 katika kazi yake, akiweka mbu na nzi wa makumbusho kando ya picha za mji zilizopigwa kutoka angani.

Miaka ya 1950 mitaa ya Katuba na Ruashi ilipanuka, na lupango zikaongezeka. Kila moja ilipokea ndugu kutoka Kasai, kutoka Luapula, kutoka kaskazini ya Katanga. Kwa hiyo amri ya 2020 ilipokuja, “kubaki nyumbani” katika mtaa wetu wa Kenya au Katuba kulimaanisha kubaki pamoja, watu kumi na zaidi kwa bomba moja na choo kimoja. Mama anayeuza unga kwa kipimo anakula alichouza leo. Saa 48 kwake ni sufuria mbili zisizowekwa motoni, isipokuwa jirani wa mlango wa pili amwite.