Taswira

Tukisema ubongo una taswira ya dunia, wengi hufikiria picha. Mvuvi wa Nchelenge, Zambia, anayerudi usiku, Kisiwa cha Kilwa kikiwa kimemezwa na giza, hahitaji picha ya Ziwa Mweru. Anahitaji kitu kichwani kinachoweza kuwa sahihi au kukosea kuhusu ufuko ulipo. Wapo wanaopinga: upepo na mawimbi vyatosha kumwongoza. Vinamsaidia sana, sikatai. Lakini mwaka 1971 wanasayansi John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza seli za ubongo wa panya zinazosisimka anapofika mahali fulani, na mwaka 1994 watafiti wengine, Wilson na McNaughton, walionyesha kuwa seli zilizosisimka pamoja safarini husisimka tena pamoja panya akilala. Usingizini hakuna kitu cha nje cha kumwongoza panya huyo. Iliyobaki ni habari ya mahali, nayo yastahili kuitwa taswira.