Kilichomaliza Pini ni Barabara

Mjomba wangu ni fundi wa magari. Ukimletea bushi iliyolika, haulizi tu gari limetembea kilomita ngapi. Anauliza pia lilikaa wapi kabla hujalinunua. Nilidhani ni porojo za gereji, mpaka niliposoma habari za Galileo.

Galileo kilikuwa chombo cha NASA cha kwenda Mshtarii, ile sayari wengi huita Jupita. Antena yake kubwa, yenye upana wa mita 4.8, ilikunjwa kama mwavuli wa mbavu 18. Mbavu zilishikiliwa na pini za titani zilizopakwa kilainishi kikavu, molibdeni disulfidi, maanake grisi ya kawaida haiwezi mazingira ya anga.

Kilipangiwa kuruka Mei 1986. Lakini Januari 28 Challenger ikapasuka angani, watu 7 wakafa, na safari zote zikasimama. Galileo kilikuwa tayari kimesafiri kwa lori kutoka California hadi Florida. Kikarudishwa California kungoja, halafu kikapelekwa tena Florida. Kiliruka Oktoba 18, 1989. Aprili 11, 1991, antena ikaamriwa ifunguke. Ikagoma. Mbavu chache zilikuwa zimekwama.

Sasa utakarabati vipi kitu kilicho mamilioni ya kilomita mbali? Wahandisi walirudi maabara. Kipimo chenyewe si uchawi: unakandamiza pini kwenye kisahani kinachozunguka, unapima nguvu ya msuguano, na unahesabu mizunguko hadi mpako uishe na chuma kianze kuuma chuma. Unafanya hivyo ndani ya ombwe, kisha unarudia kwenye hewa ya kawaida. Molibdeni disulfidi huteleza vizuri sana kwenye ombwe, lakini kwenye hewa yenye unyevu hulika haraka. Na lori hutikisa pini ndani ya hewa hiyo hiyo, maili baada ya maili. Yaani anga halikuwa na makosa. Kilichomaliza pini ni barabara, na mpako haukupakwa upya.

Badala ya biti 134,000 kwa sekunde, Galileo kilituma kwa antena ndogo, na hata baada ya programu mpya kilifikia kama 160 tu. Hata hivyo kilifika Mshtarii Desemba 1995, kikafanya kazi hadi 2003, na kikatuletea dalili za bahari chini ya barafu ya Europa.

Mimi niliacha uhandisi mwaka wa tatu. Watu huuliza ni somo gani lilinishinda. Hakuna. Ilikuwa karo, basi la usiku kurudi nyumbani kungoja, basi la kurudi chuo, tena na tena. Siku ya mwisho darasani sikuvunjika. Nilikuwa nimeshalika.

Nilimsimulia mjomba habari hii yote. Akafuta mikono, akauliza swali moja: "Na hiyo ndogo, bado inatuma?"